Usiulize Mtu, Uliza Ramani

"Wazee, kuna benchi limeota ndani ya zahanati!"

Aliyesema hivyo ni Redio, mlinzi wa geti la zahanati tunayoijenga. Alitukuta kijiweni kwa Mama Birika, ng'ambo ya barabara, tukisubiri kahawa ya asubuhi ichemke. Kijiwe chenyewe ni mbao mbili za jukwaa zilizolazwa juu ya matofali. Redio tulimpa jina hilo kwa sababu hazimiki, na nusu ya anayosema ni makelele matupu. Kwa hiyo hakuna aliyeinuka.

"Limeota vipi?" akauliza Mzee Timazi, fundi mwashi wetu mkuu, bila kutoa macho kwenye kikombe chake kitupu. "Benchi ni uyoga?"

"Mzee, nimeliona kwa macho haya! Ukumbi wa chini, pale wagonjwa watakapopokelewa. La matofali, limepigwa plasta, linakunja kona. Refu! Treni inaweza kulala pale ikapumzika."

"Redio, wiki iliyopita ulituambia nyoka kaingia kwenye mashine ya zege."

"Aliingia!"

"Ulikuwa mpira wa maji."

"Kwa mbali mpira wa maji ni nyoka, mzee wangu. Lakini benchi kwa mbali ni benchi, na kwa karibu ni benchi. Nimelikalia."

Shoti, fundi umeme, kijana asiyeweza kukaa bila kutikisa goti, aliacha kutikisa goti.

"Lina matundu ya soketi?" akauliza.

"Saba, yamejipanga kama ndege kwenye waya. Umejuaje?"

Mama Birika akaacha kupepea mkaa. "Na kwenye kona, kuna kishimo cha duara, kiasi cha kukaa jiko?"

"Kipo, mama! Nyie mmekwenda kuliona saa ngapi?"

Mzee Timazi alimtazama Shoti, Shoti akamtazama Mama Birika, kisha wote watatu wakanitazama mimi.

Hapo kijiweni naitwa Taratibu. Kazi yangu ni kuwasaidia mafundi wahame kutoka ramani za karatasi waingie kwenye ramani za simu. Sikusomea. Nilikuwa nasukuma toroli la mchanga. Nilipata simu iliyopasuka kioo, nikawa nabonyeza kila kitufe hadi nikajua kinafanya nini, na vingine nilivijua baada ya kuviharibu. Bosi alipoleta programu mpya, ramani moja inayofunguka kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye simu ya fundi, ukiigusa huku inabadilika kwa wote, alitafuta mtu wa kuwafundisha wenzake. Waliosoma walimjibu haraka kwa maneno marefu. Mimi nilikawia kujibu, akadhani ni hekima.

"Somo la juzi," alisema Shoti.

"Somo la juzi," nikakubali.

"Somo gani?" Redio akasogea. "Msinifiche, mimi ni mlinzi, siri zote zinapita getini."

"Ndiyo maana tunaficha," akasema Mama Birika.

Nikamweleza, maana asingeondoka. Juzi tulikaa hapa hapa kwenye mbao kwa mafunzo. Nilikuwa nimewaandalia ramani ya mazoezi, kinyumba cha vyumba viwili ambacho hakipo popote duniani. Mzee Timazi akakikataa.

"Na ningekikataa tena leo," mwenyewe akadakia. "Fundi hachori mstari kwenye nyumba isiyokuwapo. Mkono unazoea uongo. Kesho utanikuta najenga ukuta wa hewa."

"Mzee, lile lilikuwa zoezi tu."

"Zoezi la kuogelea linafanywa kitandani?"

Basi nilifungua ramani ya zahanati yenyewe. Nikawaambia tutafute mahali patupu tuchezee, halafu nitafuta. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa mtupu. Nikauliza tuchore nini. Wote walikuwa wamekaa kwenye zile mbao zinazochoma makalio, wakajibu kwa sauti moja: benchi. Mzee Timazi alivuta mstari kwa kidole kinene kama mpini wa mwiko, programu ikaunyoosha, akacheka kama mtoto. Shoti akaweka soketi. Mama Birika alikuwa anatuhudumia tu, lakini akasema hata yeye ana kidole, akaweka duara la jiko kwenye kona. Nilifurahi mno. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba watu wameiva.

"Wameiva kweli," alisema Shoti. "Harufu imefika hadi getini."

"Lakini ulisema utafuta, mwanangu," Mzee Timazi akasema. Huniita mwanangu anapokuwa na mashaka na akili yangu.

"Nilifuta, mzee. Nilishuka stoo ya chini, penye utulivu, nikafuta mstari mmoja mmoja. Benchi, soketi, jiko. Nikakagua upya. Tazama, halipo."

Nikawaonyesha simu yangu. Ukumbi mtupu, mweupe, hata mdudu hakuna. Shoti akatoa ya kwake, akaiweka kando ya yangu. Kwenye ya kwake benchi lilikuwapo, limekunja kona, lina soketi saba na jiko.

"Kumbe zahanati ziko mbili," akasema. "Yako peke yako, na ya walimwengu."

"Na nani kalijenga?" akauliza Mama Birika.

"Kimya, yule mwashi," akasema Redio. "Kikosi chake kimehamishwa jana kutoka jengo lile jingine, kikapewa ukumbi wa chini. Nyie mlikuwa juu kwenye dari. Amejenga toka asubuhi hadi jua limezama, hajainua kichwa. Yule mtu akishika mwiko utadhani anafukuzwa na simba."

"Na hakuuliza? Benchi la kuweka jiko, ndani ya zahanati, asiulize?"

"Amuulize nani, mama? Si kuna tangazo getini?"

Nilijua tangazo gani. Niliomba asilisome, na kwa kuwa niliomba, alisimama ndipo akalisoma kwa kichwa, mkono kifuani kama anaapa:

"Usiulize mtu, uliza ramani! Kilichomo kwenye simu ndiyo kazi!"

"Hati nzuri," alisema Shoti. "Nani kaandika?"

"Wewe unajua nani kaandika."

"Nataka kusikia."

"Mimi."

Wakacheka hadi mbao zikatikisika. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa haki yao. Tangu programu iletwe nimewabembeleza watu waifuate. Niliwaeleza kuhusu milango, wakaweka milango kwa kukumbuka. Niliwaeleza kuhusu madirisha, wakaniambia dirisha ni dirisha. Kitu cha kwanza kufuatwa kwa ukamilifu, bila kukosea hata upana wa kidole, ni masihara.

"Mnacheka," Mama Birika akasema, "na leo si ndiyo anakuja daktari?"

Kicheko kikakatika.

Daktari ndiye mwenye zahanati. Bosi alikuwa ameniita ofisini mwanzoni mwa wiki akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba daktari atakuja kukagua ukumbi wa chini, na kwamba likionekana kosa moja mbele yake lililotokana na simu, karatasi zinarudi siku hiyo hiyo, na mimi narudi kwenye toroli.

"Toroli lenyewe limeshapata mwenyewe," akasema Redio. "Wewe utakuwa unalifuata nyuma."

"Redio, mwonee huruma mwenzio."

"Namwonea, mama. Kulifuata ni rahisi kuliko kulisukuma."

Mzee Timazi akakuna kidevu. "Mimi nilisema toka mwanzo. Karatasi ina penseli na ina wino. Penseli ni mawazo, wino ni amri. Hata kibarua wa jana anajua. Mtu akiona benchi la penseli atacheka apite. Simu yako, mwanangu, haina penseli. Kila upuuzi humo una sura ya amri."

Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Shoti hakukubali. "Mzee, usituletee habari za karatasi. Si karatasi iliyokujengesha tanki la maji nyuma ya choo?"

"Kulikuwa na duara."

"Lilikuwa kitako cha kikombe!"

"Lilikuwa duara zuri, limekamilika."

"Ni chai yako mwenyewe, mzee! Ulikunywa, ukaweka kikombe juu ya ramani, kesho yake ukalikuta duara ukaanza kuchimba!"

"Na lile tanki mpaka leo linavuja?" akauliza Mzee Timazi kwa utulivu.

"Halivuji."

"Basi."

Wakati huo huo Kimya mwenyewe akavuka barabara, kofia ngumu kichwani, saruji hadi kwenye nyusi. Akanyoosha kidole kimoja. Mama Birika akamwelewa, akammiminia kikombe kimoja.

"Ndugu yangu," nikaanza, "kuhusu lile benchi."

"Limekwisha."

"Nimesikia. Hongera. Sasa, tafadhali, tungeomba ulibomoe."

Kimya akanywa, akatoa simu, akaipanua ramani kwa vidole viwili, ufundi niliomfundisha mimi mwenyewe asubuhi ya jana.

"Lipo," akasema.

"Lipo, ndiyo, lakini lile lilikuwa mchezo."

"Limeandikwa mchezo?"

"Halikuandikwa."

"Kijana," Mzee Timazi akaingilia, "mimi ndiye niliyelichora, kwa kidole hiki. Nakwambia ubomoe."

Kimya akakitazama kile kidole kwa heshima. "Shikamoo, mzee. Siulizi mtu." Akageuka kwangu. "Likitoka kwenye ramani, nabomoa. Nyundo iko karibu." Akarudisha kikombe, akavuka barabara.

"Yaani huyu," akasema Shoti, akimtazama kwa husuda, "ndiye mwanafunzi wako bora."

"Basi lifute tena," akasema Mama Birika. "Kidole si unacho? Futa, abomoe, daktari aje akute ukumbi wake mtupu. Kuna shida gani?"

Kulikuwa na shida. Niliizunguka kidogo kwa maneno, nikaona hakuna njia.

"Sina bando," nikasema.

Shoti akasogeza sikio karibu na mdomo wangu.

"Rudia," akasema Shoti.

"Bando limekwisha."

"Mwalimu wa mtandao hana mtandao?"

"Mganga hajigangi," akasema Redio.

"Toka lini, mwanangu?" akauliza Mzee Timazi, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko zote, ndiyo iliyoniuma.

Nikahesabu nyuma, taratibu. "Nilipotoka stooni juzi niliona limeisha. Nikasema nitanunua. Ramani ilikuwa bado inafunguka, basi sikuhisi upungufu."

"Utahisije," akasema Shoti, "na wewe ulikuwa unaishi kwenye zahanati yako ya peke yako."

Mama Birika akajifuta mikono kwenye kanga, akachomoa simu kifuani. "Washa hiyo simu yako, nakurushia langu. Mimi wateja wangu ni kahawa tu, bando linakaa bure. Neno la siri ni jina la marehemu mume wangu, na usilicheke."

Sikulicheka. Nikaunganisha. Kwanza hakikutokea kitu. Halafu simu ikatetemeka, ikaandika maneno ambayo kwa utulivu wangu wote sikuyatarajia: Mabadiliko yako ya juzi yametumwa kwa wote.

"Imeandika nini?" wakauliza.

Niliwasomea. Ndipo na mimi mwenyewe nikaelewa. Stooni hakuna mtandao. Kule chini nilifuta, simu ikakubali, lakini haikumwambia mtu. Iliubeba ule ufutaji kama mjumbe aliyesinzia njiani, leo ndiyo ameamka.

"Kumbe basi umemaliza kazi!" Redio akapiga makofi. "Limefutika. Kimya atabomoa. Tumepona!"

"Subiri," nikasema, kwa sababu simu ilitetemeka tena. Huu ulikuwa ujumbe uliokuwa umekwama tangu jana, umebandikwa juu ya ramani, pale pale penye benchi. Umetoka kwa daktari, ambaye huifungua ramani kwenye kompyuta akiwa kazini kwake, na umeandikwa kwa msimamizi wa ramani, yaani mimi, kwa hiyo simu za wenzangu hazikuuonyesha.

Nikausoma kwa sauti:

"Nimeliona benchi. Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu, wagonjwa wangu husimama au huketi sakafuni, na sijawahi kuona fundi aliyewafikiria. Soketi pia nimezielewa. Duara la kwenye kona sijalielewa, lakini na lenyewe liachwe. Nakuja kulikalia."

Shoti ndiye aliyeelewa kwanza.

"Ngoja nielewe. Mwenye mali amelipenda."

"Ndiyo."

"Anakuja kulikalia."

"Ndiyo."

"Na wewe, kwa bando la mama, umelifuta sasa hivi."

"Nilifuta juzi," nikasema. "Limefutika leo."

"Na Kimya..."

Ng'ambo ya barabara, ndani ya ukumbi, simu ililia mlio wa ramani mpya. Tuliusikia wote, maana nilikuwa nimewafundisha waweke sauti hadi mwisho.

Sijawahi kumwona Mzee Timazi akikimbia, na siku ile sikumwona pia, kwa sababu alikuwa mbele yangu kwa mbali. Tulivuka barabara bila kutazama pembeni. Tulipoingia, Kimya alikuwa amesimama mbele ya benchi, miguu ameitanua, nyundo kubwa iko juu ya bega.

"Acha!" nikapiga kelele. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga kelele kwenye jengo lile, na sauti ilitoka nyembamba.

"Halimo," akasema Kimya.

"Litarudi! Nalirudisha!"

"Likirudi nitajenga. Sasa halimo." Nyundo ikapanda.

Mzee Timazi hakubishana. Alipita chini ya ile nyundo, akageuka, akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti kama mgonjwa aliyewahi foleni.

"Toka, mzee," akasema Kimya.

"Angalia simu yako. Ramani inasema nini kuhusu mimi?"

Kimya, ambaye ni mtu wa haki, akashusha nyundo, akaangalia. Akapanua ukumbi, akautafuta kona kwa kona.

"Hakuna mzee humu."

"Sasa umeagizwa wapi kunibomoa?"

Kimya akaitazama tena simu, akamtazama mzee. Nilimwonea huruma; alikuwa amekwama ndani ya sentensi yangu. "Basi nasubiri," akasema, akaegemeza nyundo ukutani, akasimama kando yake.

Shoti akakaa upande wa kulia wa mzee, mbele ya soketi zake. Redio akakaa kushoto, akisema geti lijilinde lenyewe. Nikajibanza mwishoni, nikaanza kulichora upya, mstari kwa mstari, mistari ikipinda na programu ikininyooshea bila kuninyanyapaa. Benchi, soketi, jiko. Nikabonyeza kutuma. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kikazunguka, kikazunguka.

"Vipi?" akanong'ona Shoti.

"Haiendi. Bando la mama haliingii humu. Kuta ni nene."

"Nani kazijenga nene hivyo?"

"Mimi," akasema Mzee Timazi, "na sijutii."

Redio akatoa kichwa kwenye tundu la dirisha. "Mama Birikaaa! Njoo na simu! Njoo haraka!"

"Nafunika mkaa kwanza!" sauti ikajibu. "Na kahawa siiachi, mtaimaliza bure!"

Viatu vikasikika mlangoni. Aliingia mama mfupi mwenye miwani, mkoba umening'inia begani, na nyuma yake bosi. Bosi alikuwa amebana kwapani mzunguko mnene wa karatasi, ramani zote za jengo tangu msingi. Sikuhitaji kuambiwa amezileta kwa ajili ya nani.

"Nyie mnafanya nini hapa saa za kazi?" akauliza bosi.

Tukainuka nusu. Mzee Timazi hakuinuka hata robo. Alikuwa na macho kwenye nyundo.

"Waache," akasema daktari. "Wamekaa hivyo hivyo ninavyotaka wagonjwa wakae." Akasogea, akapitisha kiganja kwenye plasta, akachungulia matundu ya soketi, akakitazama kishimo cha kwenye kona kwa muda. Kisha akanigeukia, sijui kwa nini mimi. "Lakini njiani nilifungua ramani, nikaona limetoweka. Nikajua mmeshalivunja. Nimekuja na hasira zangu zote."

"Ni kosa langu, daktari. Lilitoweka kidogo," nikasema. "Nimelirudisha. Liko njiani."

Bosi alinitazama. Halafu akamtazama Kimya na nyundo yake, akawatazama watu wanne waliong'ang'ania benchi kama waliopatwa na mafuriko, na nadhani aliamua kwamba mambo mengine mtu akiyauliza atajibiwa.

"Mna nafasi?" akasema daktari. "Nilisema nitalikalia."

Tukabanana. Lakini pale tulipomwachia palijaa vumbi la saruji, na daktari alivaa gauni jeusi. Bosi akatazama huku na huko. Hakukuwa na kitambaa wala mfuko. Akautoa ule mzunguko kwapani, akauangalia, akaniangalia mimi, akashusha pumzi. Kisha akaukunjua ramani baada ya ramani, akazitandika juu ya benchi, akazilainisha kwa viganja vyote viwili.

"Karibu, daktari."

Daktari akaketi juu ya msingi, ghorofa ya kwanza na paa. Mzee Timazi alizitazama zile karatasi, akanyoosha kona moja iliyojikunja.

Tukakaa. Bosi naye mwishowe akakaa. Simu yangu ilikuwa gotini, kiduara kinazunguka, na wote tumekiinamia.

"Samahani," akasema daktari, "hapa hasa tunasubiri nini?"

"Mtandao," akasema Kimya kutoka ukutani.

"Unatokea wapi?"

Mzee Timazi akanyoosha kidole kupitia tundu la dirisha.

"Ule pale," akasema. "Unavuka barabara na birika."